Kiti Kilichojengwa kwa Sabuni: Watu wa Kemia ya Koloidi Bristol

Kundi la utafiti wa koloidi na polima la Chuo Kikuu cha Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza, lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na njia rahisi ya kuisimulia ni kuwahesabu waliokalia kiti. James McBain, William Garner, Douglas Everett, Ronald Ottewill na Brian Vincent ndio waliopokezana uprofesa wa Leverhulme wa kemia ya fizikia tangu 1919 hadi miaka ya mwanzo ya karne hii. Majina hayo yanastahili heshima yake. Lakini orodha ya wenye kiti hutuambia nani alikuwa mkubwa wa nyumba. Haituambii nyumba ilisimama kwa nini. Maprofesa mashuhuri ni wengi duniani, na wengi wao walipostaafu utafiti wao uliondoka nao. Hoja ya makala haya ni kwamba kilicholidumisha kundi la Bristol ni desturi ya kupima kwa uangalifu vitu vya kawaida ambavyo wataalamu wengine waliviona duni, na kwamba desturi hiyo ilibebwa na watu wengi kuliko hao watano. Wamo wanawake ambao vyama vya wanasayansi viliwafungia mlango, wamo wanafunzi ambao majina yao yamebaki kwenye vifaa, na katika hesabu ya gharama wamo pia wakata michikichi wa Kongo, ambao hawakuwahi kusikia habari za Bristol.

Tuanze na vitu vyenyewe. Koloidi ni mchanganyiko ambamo chembe ndogo mno za kitu kimoja zimetawanyika ndani ya kingine, zikaelea bila kuyeyuka kabisa na bila kutuama chini upesi. Maziwa ni koloidi, kadhalika wino, rangi ya ukuta na utomvu wa mpira. Polima nazo ni molekuli ndefu zinazoundwa kwa molekuli ndogo kuungana mfululizo, kama zilivyo molekuli za mpira, za plastiki na za wanga. Elimu hizi mbili hukutana kila mara, kwa kuwa chembe za koloidi mara nyingi ni polima zenyewe, na zisipokuwa polima, mara nyingi polima huzifunika zisigandane. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia wengi hawakuona fahari katika mambo haya. Fahari ilikuwa kwenye fuwele safi na miyeyusho myepesi inayotii kanuni. Kitu kinachonata, kinachoganda na kutoa povu kilionekana ni kazi ya kiwandani au jikoni, na kwa msomi kilikuwa usumbufu tu.

McBain, Mkanada aliyezaliwa New Brunswick mwaka 1882, alifika Bristol mwaka 1906, wakati chuo hicho hakijapata hati ya kuwa chuo kikuu. Hati ilitolewa mwaka 1909. Alichagua kuchunguza sabuni, na swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: sabuni iliyo ndani ya maji iko katika hali gani? Kanuni za wakati huo zilitoa majibu mawili. Ikiwa sabuni inavunjika kuwa ioni kama ifanyavyo chumvi ya mezani, basi maji yake yatapitisha umeme vizuri, na mvuke wa maji hayo utapungua kulingana na wingi wa ioni. Ikiwa sabuni inakusanyika kuwa mabonge ya koloidi, basi mvuke utapungua kidogo tu, na umeme nao utapita kwa shida. Vipimo vilikataa majibu yote mawili. Maji ya sabuni yalipitisha umeme kuliko ilivyotarajiwa kwa koloidi, lakini mvuke wake ulionyesha kwamba idadi ya chembe zilizomo ni ndogo kuliko inavyopaswa kuwa kwa chumvi. McBain akapendekeza kwamba ioni za sabuni hujikusanya kuwa mafungu yanayobaki na chaji yake ya umeme, na mafungu hayo ndiyo yanayoitwa miseli. Husimuliwa kwamba alipoieleza fikra hiyo mbele ya wanasayansi wa London, mwenyekiti wa kikao alimjibu kwa maneno mawili tu: upuuzi, McBain. Leo miseli ndiyo inayoeleza jinsi sabuni inavyong'oa mafuta kwenye nguo, na jinsi nyongo inavyosaidia mwili kusaga mafuta ya chakula.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozuka. Mtu anaweza kusema kwamba historia hii ni ya kipaji cha mtu mmoja aliyeona ambacho wengine hawakukiona, na kwamba kundi lilikuja baadaye kuvuna alichopanda. Pingamizi hili lina nguvu, lakini ushahidi haulikubali. Fikra ya miseli ilitoka kwenye tarakimu, na tarakimu zilitoka mikononi mwa watu. Vipimo vya mwanzo vya upitishaji umeme katika maji ya sabuni, vilivyochapishwa karibu na 1910, McBain alivitoa pamoja na Millicent Taylor. Huyu alikuwa mkuu wa somo la kemia katika shule ya wasichana ya Cheltenham, akifundisha huko na kufanya utafiti Bristol katika muda aliojipatia. Mwaka 1904 alikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioliandikia Shirika la Kemia la London kudai wakubaliwe kuwa wanachama. Katika hao 19, Emily Fortey na Katharine Williams nao walikuwa wamefanya utafiti katika chuo hicho hicho cha Bristol. Mlango haukufunguliwa hadi mwaka 1920. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kuweka msingi wa vipimo vya sabuni alifanya kazi hiyo huku chama cha wanakemia wa nchi yake hakimtambui kuwa mwenzao.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1920 Mary Evelyn Laing pamoja na McBain walichapisha uchunguzi wa sabuni moja katika hali tatu, yaani ikiwa kimiminika, ikiwa jeli ang'avu na ikiwa imeganda kuwa nyuzi nyeupe. Waligundua kwamba kimiminika na jeli, vikiwa na joto lile lile na kiasi kile kile cha sabuni, hupitisha umeme sawasawa. Tofauti yake ni kwamba jeli ina ukakamavu na kimiminika hakina. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba kuganda kwa jeli hakubadilishi ioni zilizomo, bali hubadilisha jinsi chembe zinavyoshikana. Mwaka huo huo C. S. Salmon alishirikiana na McBain katika makala iliyokusanya ushahidi wa umeme na wa mvuke kuhusu muundo wa maji ya sabuni. Na mwaka 1926 jina la A. M. Bakr liliunganishwa na la McBain katika mizani inayoning'iniza sampuli kwenye springi nyembamba ya kwatzi, ili kupima gesi inayonata juu ya uso wa kitu kigumu. Mizani hiyo ingali inaitwa kwa majina yao wote wawili. Tena McBain mwenyewe hakupatia katika kila jambo. Kuhusu umbo la miseli katika maji yenye sabuni kidogo, ni G. S. Hartley wa London aliyelieleza vizuri zaidi katika miaka ya 1930, aliposema ni tufe dogo. Fikra ya mkuu wa kundi ilirekebishwa, lakini vipimo vya kundi vilibaki kuwa vipimo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vina majina yanayojulikana.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hili ni zito zaidi. Bila fedha hakuna kiti, na bila kiti pengine McBain angebaki mhadhiri wa kawaida. Chuo Kikuu chenyewe kilipata hati yake baada ya Henry Overton Wills, wa ukoo wa matajiri wa tumbaku, kuahidi pauni 100,000 mwaka 1908. Kiti cha kemia ya fizikia kilifadhiliwa mwaka 1919 na Lord Leverhulme, yaani William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight na mwanzilishi wa kampuni ambayo baada ya kifo chake iliungana na nyingine kuwa Unilever. Mtengeneza sabuni alimlipia mchunguzi wa sabuni. Mantiki yake haihitaji kufafanuliwa. Lakini Lever alikuwa na upande mwingine ambao historia za maadhimisho hupenda kuuruka. Mwaka 1911 alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Kibelgiji ili apate mafuta ya mawese kwa viwanda vyake. Kituo kimoja katika eneo la Kwilu kiliitwa Leverville, na leo kinaitwa Lusanga. Wanahistoria, akiwamo Mbelgiji Jules Marchal aliyepekua nyaraka za kikoloni, wameonyesha kwamba kazi ya kukata ngazi za michikichi ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu walioshurutishwa, kwa msaada wa kodi na maofisa wa serikali. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi dhidi ya kodi, malipo duni na uandikishaji wa nguvu, na jeshi la kikoloni likaua mamia yao.

Je, jambo hilo lina nafasi katika historia ya maabara? Wapo watakaosema halina. Watasema Taylor na Laing hawakumshurutisha mtu, kwamba chumvi za sabuni walizopima zilikuwa safi za maabara, na kwamba Lever alikuwa tajiri mkubwa kabla ya kuingia Kongo, kwa hiyo haiwezekani kusema kila pauni ya kiti ilitoka kwenye mawese ya Kwilu. Yote hayo ni kweli, na haki inadai yasemwe. Lakini yanachojibu ni swali la hatia, na hatia siyo swali la mwanahistoria wa taasisi. Swali lake ni nani aliyebeba gharama ya kazi hii. Ikiwa tunamtaja Leverhulme kwa sababu fedha zake ziliwezesha kiti, hatuwezi kukata mnyororo wa fedha hizo pale unapotuletea aibu. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kufadhili uprofesa mwaka 1919 ilikuwa ni ile ile iliyokuwa ikiendesha Leverville. Kumtaja mfadhili na kuwanyamazia wakata michikichi ni kuandika nusu ya daftari la hesabu.

Hata hivyo, kukiri uzito wa fedha si sawa na kukubali kwamba fedha ndizo zilizolidumisha kundi. Ushahidi ulio wazi ni yaliyotokea McBain alipoondoka kwenda Stanford mwaka 1926. Kiti kilibaki, na fedha zake zilibaki, lakini sabuni haikubaki kuwa kiini cha kazi. William Garner, aliyekikalia tangu 1927 hadi 1954, alikuwa mtu wa vitu vigumu: milipuko, vichocheo, na joto linalotoka gesi inaponata juu ya oksidi za metali. Fedha zile zile zililipia elimu nyingine. Hapa msomaji makini anaweza kunigeuzia kibao: ikiwa mada ilibadilika kwa karibu miaka 30, desturi ninayoisifu ilidumu wapi? Jibu ni kwamba ilidumu katika mbinu. McBain alikuwa tayari ameielekeza maabara kwenye swali la gesi na nyuso, na mizani ya springi ndiyo alama yake. Garner aliendelea kupima nyuso, na Douglas Everett, aliyemfuata mwaka 1954, alizifanya nyuso kuwa shughuli yake kuu. Anayejua kupima kinachotokea pale gesi inapokutana na kitu kigumu hayuko mbali na anayetaka kujua kinachotokea pale maji yanapokutana na chembe. Nakiri kwamba uzi ulikuwa mwembamba katika miaka hiyo, ila haukukatika.

Everett alishika kiti hadi 1982, na pamoja na utafiti wake juu ya termodinamiki ya nyuso alifanya kazi mbili ambazo hazina shangwe lakini ndizo hujenga fani. Ya kwanza ilikuwa kuandaa, kwa niaba ya shirika la kimataifa la kemia IUPAC, mwongozo wa istilahi na alama za elimu ya koloidi na nyuso, uliochapishwa mwaka 1972. Kabla ya hapo watafiti wa nchi mbalimbali waliweza kupima jambo moja na kulieleza kwa alama zisizopatana. Ya pili ilikuwa kuwaita watu. Mwaka 1964 Ronald Ottewill alihamia Bristol akitoka Cambridge, kwenye idara maalumu ya sayansi ya koloidi iliyoanzishwa na Eric Rideal. Idara hiyo ya Cambridge, yenye jina kubwa na mahali pa fahari, baadaye ilifungwa, wakati Bristol, isiyokuwa na idara ya jina hilo, ndiyo iliyozidi kustawi. Mfano huu peke yake hauthibitishi kila kitu, kwa sababu kufungwa kwa idara huwa na sababu nyingi. Lakini unatosha kuonyesha kwamba jina, jengo na fahari ya chuo si dhamana ya uhai wa fani.

Mchango wa Ottewill unaeleweka vizuri ukikumbuka tatizo lililokuwa mbele ya wanakoloidi wa wakati wake. Derjaguin na Landau kule Urusi, na Verwey na Overbeek kule Uholanzi, walikuwa wameunda katika miaka ya 1940 nadharia inayoeleza kwa nini chembe za koloidi huelea au hugandana: nguvu ya kuvutana hushindana na msukumano wa chaji za umeme. Nadharia ilikuwa nzuri, lakini kuipima kulihitaji chembe zinazolingana ukubwa, na koloidi nyingi za asili zina chembe za kila namna. Ottewill na wanafunzi wake walitumia lateksi ya polistireni, yaani vitufe vya polima vinavyotengenezwa ndani ya maji vikiwa na ukubwa unaokaribiana sana. Kwa vitufe hivyo waliweza kupima chaji, kasi ya chembe katika uga wa umeme, na shinikizo linalohitajika kuzisogeza chembe zikaribiane. Baadaye walipeleka sampuli zao kwenye miale ya nyutroni, ikiwamo ya kinu cha utafiti cha Grenoble nchini Ufaransa, wakaona jinsi chembe zinavyojipanga ndani ya kimiminika. Kitu cha kawaida kabisa, ndugu wa karibu wa rangi ya ukuta, kiligeuzwa kuwa kipimo cha nadharia. Hiyo ni desturi ile ile ya Taylor na Laing, ikiwa imepata vifaa vipya.

Kwa Brian Vincent, aliyekalia kiti baada ya Ottewill, polima ziliingia katikati ya uwanja. Swali sasa lilikuwa ni jinsi polima zinavyoweza kuilinda koloidi au kuivunja. Minyororo ya polima iliyoshikamana na uso wa chembe husimama kama nywele kichwani, na chembe mbili zikikaribiana minyororo hiyo hubanana na kuzisukuma mbali. Lakini polima iliyo huru ndani ya kimiminika, isiyoshika chembe yoyote, inaweza kufanya kinyume chake: hukosa nafasi kati ya chembe zilizokaribiana, na kimiminika cha nje kikazisukuma zigandane. Mtengeneza rangi, dawa au chakula akikosea kiasi cha polima anaweza kupata ugandamano badala ya ulinzi. Kazi hii ilifanywa na wengi. Terence Cosgrove wa Bristol alitumia mbinu za mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu kuona hali ya polima juu ya uso. Kitabu kikubwa cha mwaka 1993 kuhusu polima kwenye nyuso kina majina ya Vincent na Cosgrove pamoja na ya Fleer, Cohen Stuart na Scheutjens wa Wageningen, Uholanzi. Waandishi watano, miji miwili, na nadharia ya upande mmoja ikikutana na vipimo vya upande wa pili.

Lipo pingamizi la mwisho, ambalo wanasayansi wenyewe hulitoa: kwamba kundi lililozaliwa na fedha za sabuni na kukua karibu na viwanda vya rangi na dawa ni mtumishi wa biashara, na sayansi yake ni ya kuagizwa. Ni kweli kwamba Bristol haikuvikwepa viwanda. Mwaka 1994 kilianzishwa Kituo cha Koloidi cha Bristol hasa kwa ajili ya kusaidia makampuni na kuwafundisha watu wao. Lakini tupime kwa matokeo. Miseli ilianza kwenye swali la sabuni, na sasa ni sehemu ya biolojia, ya dawa na ya fizikia. Lateksi ilianza kiwandani, ikawa kielelezo cha jinsi maada inavyojipanga. Aliyeagiza hakupata tu alichoagiza. Mafunzo nayo yalikwenda mbali kuliko biashara ya mtu yeyote: Bristol iliendesha kozi ya uzamili ya kemia ya nyuso na koloidi iliyovuta wanafunzi wa nchi nyingi, na McBain mwenyewe, uzeeni, alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Kitaifa ya Kemia ya Pune, katika India iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru. Ukaribu na kiwanda ni hatari pale kiwanda kinapochagua jibu. Kikileta swali gumu na kumwachia mtafiti uhuru wa kupima, ukaribu huo ni neema.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kipaji cha McBain kilianzisha, fedha za Lever ziliwezesha, lakini kilichodumu ni kazi ya kupima, iliyorithishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kupitia vifaa, istilahi, kozi na wanafunzi. Wanaoandika historia za idara na maabara katika vyuo vyetu, ambavyo vingi sasa vinatimiza miaka 50 na zaidi, wanaweza kujifunza hapo. Watafute madaftari ya vipimo kabla ya picha za wakuu. Waandike majina ya waliopima, waliorekebisha vifaa na waliofundisha bila cheo, nao mafundi wa maabara wasisahaulike. Waeleze fedha zilitoka wapi na nani alizilipa kwa jasho lake. Historia ya namna hiyo itakuwa ndefu kidogo, na pengine baadhi ya wafadhili hawataifurahia, lakini ndiyo itakayomwonyesha mwanafunzi anayeingia leo ni kazi gani hasa anaipokea.